Taa za ndani ya gari: ziwake miguuni, na fyuzi uweke mwenyewe

Nimekuwa kimya kidogo, si mnajua tena wiki hizi za test, mtu unashinda Yombo unakesha maktaba. Leo nimepata upenyo na nina jambo langu la kusema.

Kuna ubishi unaendelea pale kafteria tangu wiki iliyopita. Ni kuhusu hivi vitaa vya LED vya kubandika ndani ya gari, vile vya mkanda, vinavyotoa mwanga wa bluu au zambarau chini ya dashibodi na chini ya viti. Upande mmoja unasema ni ushamba mtupu, gari linakuwa kama disko (na neno disko hapa chuoni lina maana yake nyingine, Mungu atuepushe). Upande wa pili unasema ushamba ni kukaa gizani wakati mkanda wenyewe pale Kariakoo unauzwa bei ya sahani chache za chipsi mayai.

Mi niko na upande wa pili, ila na masharti mawili. La kwanza, taa ziwake miguuni mwa abiria, zisiwake usoni mwa dereva. La pili, waya upitishe mwenyewe. Kama hujui, basi usimame hapohapo uone kila sentimita inapopita, na fyuzi uiweke kwa mkono wako.

Najua kuna mtu atasema, "We jamaa unaongelea magari na jana nimekuona umening'inia kwenye daladala ya Mawasiliano." Kweli kabisa, sina gari na sitegemei kuwa nalo mwaka huu. Lakini nasoma umeme, niko mwaka wa tatu, na washikaji wenye magari ya kina anko na kina shangazi wananijua. Jumamosi zangu nyingi zinaisha nikiwa nimelala chali chini ya dashibodi ya Vitz ya mtu, miguu iko nje. Kwa hiyo naongea kitu ninachokishika.

Kilichonifanya niandike leo ni kisa cha mshikaji wangu mmoja. Jina naliacha, wenyewe mtamjua. Jamaa anaendesha IST ya mjomba wake usiku, anabeba abiria wa kwenye simu. Haendeshi kwa starehe, maana bumu likichelewa yeye ndo anayelipa chumba chake na cha mdogo wake. Sasa abiria wakawa wanamwambia gari lake zuri ila ndani giza. Akaenda kwa fundi mmoja wa pembeni ya barabara, akawekewa mita 2 za mkanda wa bluu. Nusu saa tu, kazi imekwisha. Jamaa akarudi chuoni anang'aa kuliko zile taa.

Wiki ya tatu, saa tano usiku, yuko Sam Nujoma na abiria nyuma, dada mmoja hivi. Ikaanza kunuka harufu ya plastiki inayoungua. Dada akasema, "Kaka, simamisha gari." Jamaa akapaki pembeni, moshi mwembamba unatoka chini ya kiti cha mbele. Dada akashuka na kukimbilia ng'ambo ya mtaro, na hakukosea hata kidogo. Jamaa akafungua boneti, bahati alikuwa na spana namba 10 kwenye droo, akafungua terminali ya betri. Moshi ukakata.

Kesho yake tukaling'oa zulia tuone. Waya wa chanya ulitoka moja kwa moja kwenye betri, ukapenya ukuta wa injini kupitia tundu la bati lisilo na mpira, ukapita chini ya zulia mpaka kwenye reli ya kiti. Fyuzi hakuna. Narudia, hakuna. Kila kiti kiliposogezwa mbele na nyuma, reli ilikuwa inaukwangua ule waya. Wiki tatu zikatosha kufika kwenye shaba. Shaba ikagusa bati la gari, na bati la gari ndo hasi ya betri. Hapo tayari ni shoti.

Wanaosoma Sheria na Biashara nivumilieni hapa kidogo, maana hiki ndo kiini cha habari yote.

Watu wengi wanadhani umeme wa gari hauna madhara kwa sababu ni volti 12 tu. Kweli, ukigusa terminali zote mbili kwa vidole vikavu hutasikia kitu. Lakini betri hiyohiyo ndo inayozungusha stata, na stata inakula zaidi ya ampea 100 kila unapowasha injini. Betri haijui kama iliyoko upande wa pili ni stata au ni kawaya kembamba kama ka chaja ya simu. Ikipewa njia fupi ya kurudi kwenye hasi, inamwaga mamia ya ampea bila kuuliza. Waya mwembamba hauwezi kubeba hizo. Unapata moto, plastiki yake inayeyuka, na chini ya zulia kuna sponji, vumbi na risiti za mafuta. Endelezeni wenyewe.

Kinachosimama kati ya betri na huo moto ni fyuzi peke yake. Na hapa kuna kitu hata watu wa darasani kwangu wanakikosea: fyuzi haikai pale kuilinda taa. Inalinda waya. Ndiyo maana inatakiwa ikae karibu kabisa na chanzo cha umeme, mwanzoni mwa waya. Ukiiweka kule mwisho karibu na taa, ule waya wote wa nyuma yake uko uchi, na shoti ikitokea katikati fyuzi yako itabaki nzima inaangalia tu.

Ukubwa wake je? Piga hesabu, haihitaji hata kalkuleta. Ule mkanda wa kawaida wenye vitaa 60 kwa mita, vile vikubwa vinavyoitwa 5050, unakula wati 14.4 kwa mita. Gawanya kwa volti 12, unapata ampea 1.2. Gari dogo lenye sehemu nne za miguu, ukikata vipande vya sentimita 30 hivi kila kimoja, jumla ni kama mita 1.2, yaani ampea moja na nusu hivi. Fyuzi ya ampea 5 inatosha na inabaki. Ni ile ya rangi ya kahawia iliyopauka. Ya 10 ni nyekundu, ya 15 bluu, ya 20 njano, ya 30 kijani. Mtu akikuwekea ya kijani kwenye waya wa chaja, huyo hajakuwekea fyuzi, amekuwekea pambo.

Sasa msije mkasema nawasema vibaya mafundi. Hapana. Mafundi umeme wa magari wa mjini hapa kuna ninaowaheshimu kuliko baadhi ya nondo nilizosoma. Ule mpira wa kuweka kwenye tundu la bati ili waya usikatwe, sikufundishwa darasani. Alinionyesha mzee mmoja Gerezani, mikono yake imejaa grisi, akaniambia, "Mwanangu, bati ni kisu." Tatizo ni malipo. Fundi wa pembeni ya barabara analipwa kwa kazi, halipwi kwa saa. Kung'oa plastiki za mlangoni, kupitisha waya kwa nyuma, kuufunika, kuufunga usicheze, hiyo ni kazi ya nusu siku. Wewe umemletea hela ya nusu saa na unamwambia fanya chapuchapu nina abiria. Atafanya chapuchapu.

Ukifanya mwenyewe huna haraka. Alafu kuna faida nyingine ambayo watu hawaifikirii: siku ukinusa kitu, unajua waya umepita wapi. Mshikaji wetu pale Sam Nujoma hakujua. Alijua taa zinawaka tu.

Haya, unafanyaje? Nitasema kwa kifupi zile sehemu ambazo watu wanaharibia, mengine mtayaona wenyewe mkifungua.

Kabla hujanunua mkanda, nunua mita ya kupimia umeme. Hata ile ya bei ndogo kabisa yenye kioo cha namba. Bila mita unabahatisha, na kubahatisha kwenye gari la mjomba ni kutafuta kesi ya ukoo.

Umeme usiuchukue betri. Ndani ya gari, chini ya dashibodi upande wa dereva, Toyota nyingi ndogo zina sanduku la fyuzi. Kuna kiunganishi kinauzwa, unachomoa fyuzi ya gari, unachomeka hicho, kina nafasi mbili: moja inabeba fyuzi ya zamani, ya pili inabeba ya kwako. Hukati waya hata mmoja wa gari. Hili ni muhimu kama gari si lako, maana siku mwenyewe akilitaka unachomoa, na gari linabaki kama alivyolinunua.

Chagua fyuzi ambayo umeme wake unakata ukizima ufunguo, mfano ile ya redio au ya tundu la kiberiti. Pima kwa mita: ufunguo ukiwa ACC ikuonyeshe volti 12 na kitu, ukizima isome sifuri. Kwa nini? Chukua zile mita 2 za jamaa yetu, ampea 2.4. Ukisahau kuzima saa nne usiku ukaamka saa mbili asubuhi, umekula karibu ampea-saa 24. Betri ndogo ya gari dogo ina kama 35, tena ikiwa mpya. Asubuhi ya UE unapiga stata inakujibu "tik". Utafika kwenye chumba cha mtihani kwa bodaboda, na jasho juu.

Kuna wanaopenda taa ziwake mlango ukifunguliwa, kama magari ya wakubwa. Inawezekana, ila eleweni kitu kimoja. Kwenye Toyota nyingi, ile taa ya darini ina umeme wa chanya muda wote, na swichi ya mlangoni kazi yake ni kuunganisha upande wa hasi kwenye bodi. Kwa hiyo anayeunganisha hasi ya mkanda wake kwenye bati kwa mazoea atashangaa taa haizimi milele. Hasi yake inatakiwa iende kwenye ule waya wa swichi ya mlango. Na kwenye magari yale ambayo taa ya darini inafifia taratibu yenyewe, swichi hiyo inasimamiwa na kompyuta ya gari. Hapo mi nawashauri muache kabisa. Swichi ndogo ya kubonyeza inatosha, bei yake ni ya soda.

Waya au plagi yoyote ya njano chini ya dashibodi au kwenye nguzo ya kioo cha mbele, usiiguse, usiipime, usiisogeze kwa nguvu. Hiyo ni ya erbegi. Na ukipandisha waya kwenye nguzo ya kioo, kumbuka gari lenye erbegi za pembeni zinapasukia hapo. Mi sipandishi kabisa. Taa za miguuni hazina shughuli kule juu.

Kingine ni mkanda wenyewe. Mtaona una alama za mkasi kila baada ya vitaa 3. Kata hapo tu. Sababu yake ni nzuri kwa wanaopenda kujua. Kitaa kimoja cha bluu au cheupe kinataka kama volti 3.2. Vitatu kwa mstari ni 9.6. Volti 2.4 zinazobaki kufikisha 12 zinamalizwa na kile kijiwe kidogo cheusi, rezista. Sasa gari likiwaka, altaneta inachaji, na volti haziko 12 tena, zinafika 14 na pointi. Tuseme 14.4. Ondoa 9.6, rezista imebaki na 4.8. Ni mara mbili! Na mkondo unaopita unakaribia mara mbili vilevile. Ndiyo maana ule mkanda uliowaka vizuri mezani kwa muuzaji, kwenye gari unadumu miezi michache, unaanza kufa vitatu vitatu. Wauzaji wanalaumiwa kwa kuuza feki wakati mwingine bure tu. Weka kipunguza mwanga, kile cha kuzungusha, ushushe mpaka robo. Mkanda hauchemki, unadumu, na kwa kweli robo ndo mwanga unaotakiwa. Na hata ukisahau ukauacha juu kabisa, ile fyuzi ya 5 bado inakaa.

Alafu gundi. Gundi ya nyuma ya mkanda ilitengenezwa na mtu ambaye hajawahi kupaki gari juani Dar mwezi wa pili. Saa saba mchana ndani ya gari lililofungwa inalainika na mkanda unaning'inia. Unaning'inia wapi? Juu ya pedeli za breki. Naomba msome sentensi hiyo mara mbili. Upande wa dereva funga kwa vile vibano vya plastiki vya kubania waya, kila baada ya kiganja kimoja, au usiweke kabisa. Mi siku hizi upande wa dereva siweki. Dereva anajua pedeli ziko wapi, na kama hajui hana haja ya taa, ana haja ya chuo cha udereva.

Nimefika kwenye sharti la kwanza, na hapa ndipo nagombana na washikaji wa bluu.

Jicho likikaa gizani linajirekebisha taratibu, inachukua kama nusu saa kufika mwisho wa uwezo wake. Sehemu ya jicho inayoona kwenye mwanga hafifu inaathirika sana na mwanga wa bluu na kijani-bluu, na haishtuki sana na nyekundu. Ndiyo sababu kwenye manowari na madaraja ya meli wanatumia taa nyekundu usiku. Sasa wewe unajibandikia mita 2 za bluu kali chini ya usukani, alafu unaingia barabara ya Bagamoyo saa nne usiku, ambako kuna bodaboda hana taa ya nyuma, kuna mtu kavaa nyeusi anavuka, na kuna mkokoteni. Unajipofusha na hela umelipa mwenyewe.

Bado kioo. Kaa kiti cha dereva usiku, washa, na uangalie kioo cha mbele na vioo vya pembeni. Ukiona mstari wa mwanga umejichora kwenye kioo, taa imekaa vibaya. Hasa zile za kubandika milangoni, zinajichora palepale unapotakiwa kuangalia kioo cha kuonea nyuma. Kitaa chenyewe kisionekane kwa jicho hata kidogo, kionekane kile kinachomulikwa: zulia, viatu, begi. Kificheni juu ndani ya ukingo.

Wanaotengeneza magari wenyewe hawakuanza na ukumbi wa harusi. BMW walikuwa wanajulikana miaka mingi kwa mwanga wa chungwa, kwenye saa za mbele na hata ndani, mwanga mdogo tu. Bluu ilikuja baadaye kwa sababu haikuwepo. LED nyekundu ilikuwepo tangu 1962, aliitengeneza Nick Holonyak kule Marekani, lakini bluu yenye nguvu iliwasumbua watu miaka 30. Shuji Nakamura ndo aliyeitoa 1993 akiwa kwenye kampuni ya Nichia, Japani, na mwaka 2014 yeye, Isamu Akasaki na Hiroshi Amano wakapewa Nobel ya Fizikia. Na bila hiyo bluu, taa nyeupe za LED zinazotuwakia mabwenini zisingekuwepo, maana nyingi ni bluu iliyopakwa unga wa njano juu. Basi ilipopatikana kila kitu kikawa bluu, redio bluu, feni ya kompyuta bluu, bajaji bluu. Mwaka 2016 Mercedes-Benz E-Class mpya ikaja na uchaguzi wa rangi 64. Sawa, lakini hata huko kuna sehemu ya kupunguza mwanga, na taa zimefichwa usizione. Sisi tumeiga rangi tukasahau kuficha.

Kwa hiyo rangi ya chungwa, hafifu. Au nyekundu kama unavumilia watu kukuuliza maswali, teh teh. Bluu kama lazima, nyuma tu, na robo ya nguvu.

Sasa wale wa "ushamba" mnisikilize. Niliwauliza kina dada kadhaa wa hapa chuoni wanaorudi usiku kwa gari za simu, toka kwenye field au kazini Mlimani City. Sikuwauliza kuhusu urembo. Niliwauliza, ukifungua mlango wa nyuma saa nne usiku unataka kuona nini? Mmoja wa mwaka wa mwisho akanijibu bila kufikiri, "Nataka kuona kiti kiko kitupu, na chini hakuna kitu." Mwingine akasema huwa anawasha tochi ya simu kabla hajaingia, na dereva mmoja aliwahi kumkasirikia. Mwingine alisahau simu ikaangukia chini ya kiti, akaipapasa gizani mpaka Changanyikeni.

Mi niliposikia hivyo ubishi kwangu ukaisha. Taa ya darini madereva hawaipendi, wakiiwasha wanaona kioo kizima kinawarudishia sura zao, na wana haki. Lakini sentimita 30 za mwanga wa chungwa chini ya kiti cha mbele, zinamulika sakafu ya nyuma tu, hazimsumbui dereva na zinamjibu yule dada kabla hajauliza. Hiyo unaiitaje ushamba? Ushamba ni ile bluu ya usoni.

Jamaa yetu wa IST tulimfanyia upya Jumamosi iliyopita. Tulianza saa tatu asubuhi, tukamaliza saa tisa alasiri, na katikati tulikula wali maharage mara moja. Vipande viwili tu, nyuma kulia na nyuma kushoto. Fyuzi ya 5, umeme toka tundu la kiberiti, waya umepita chini ya plastiki za mlangoni, mbali na reli. Ule waya ulioungua ameuhifadhi kwenye mfuko wa nailoni, anasema atamwonyesha mjomba akirudi toka Dodoma mwisho wa mwezi. Mjomba bado hajaambiwa habari za moshi. Mi nilimshauri ampigie simu mapema, maana zulia lina tundu la ukubwa wa kizibo cha soda na mzee atalikuta tu. Jamaa anasema anatafuta maneno. Kama kuna mwenye uzoefu wa kuongea na wajomba, amsaidie.

Jumamosi hii saa nne asubuhi kuna Vitz ya shangazi wa mtu, tutakuwa chini ya ule mwembe wa nyuma ya hosteli. Anayetaka kuona aje. Mita yangu inaazimwa, lakini si zaidi ya siku 2, na betri yake ndogo ya ndani mrudishe ileile mliyoikuta. Mara ya mwisho ilirudi na ya rimoti iliyokufa.

Haya, naenda. Kuna mtu ananisubiri na desa la Control, na test ni kesho.